Saumu na Sumu

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na ugonjwa wa walimu wa Kiswahili ni kusahihisha. Nasahihisha mabango ya maduka. Nasahihisha hotuba ya Ijumaa kimoyomoyo nikiwa nimekaa safu ya pili. Nasahihisha akina mama wa soko la Kamembe wanaponitajia bei ya nyanya, na wao hunipandishia bei hiyohiyo kwa kisasi. Huku Rusizi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, ambako Kiswahili kimevuka daraja kutoka Bukavu pamoja na Kifaransa chake na Kimashi chake, mtu mwenye ugonjwa huu hapati mapumziko. Mke wangu alinikimbia zamani, na mama anashikilia kwamba sababu ni barua aliyoniandikia nikamrudishia na wino mwekundu. Si kweli kabisa, lakini barua niliirudisha.

Ugonjwa huo ndio ulionifikisha hapa, na nitaeleza ilivyokuwa kwa sababu nimechoka kusikia ikielezwa vingine.

Kwanza mjue jambo moja. Tangu baba afariki, miaka miwili sasa, dada yangu mkubwa anayekaa Nyamirambo kule Kigali alikuwa anataka mama ahamie kwake. Alisema mama amezeeka, kichwa kimeanza kuchoka, anaacha mkaa unawaka, anamwita mjukuu huyu kwa jina la yule, jambo ambalo bibi gani halifanyi? Mama hakutaka hata kulisikia. Nyumba ya Kamembe ilijengwa na baba kwa mikono yake, maana alikuwa fundi seremala, na kaburi lake liko mwendo wa robo saa kwa miguu. Kila Ijumaa mama alikuwa anakwenda kumsomea Yasini, mvua inyeshe isinyeshe.

"Hapa nitatoka mu jeneza," alikuwa akimwambia dada kwenye simu. "Na munizike pembeni ya mzee wangu. Kigali nitafanya nini? Kuangalia ukuta?"

Dada anakaa ghorofa ya pili, nyumba ya kupanga. Hana hata kopo la pilipili dirishani. Mimi, niliyebaki na mama peke yangu katika nyumba ya baba, nilimwapia kwamba hakuna mtu atakayemtoa pale nikiwa hai. Niliapa kwa kujiamini, kama ninavyofanya mambo mengi.

Nyuma ya nyumba tuna kibustani cha jikoni. Baba alikuwa akipanda mboga ya lengalenga, pilipili, na tuta moja la vitunguu saumu kwa ajili ya presha ya mama. Alipokufa, mama aliendelea na lengalenga na pilipili, lakini tuta la saumu hakuligusa. Mwaka jana mvua iliporomosha ukingo wa kiwanja cha juu, udongo ukashuka ukalifunika tuta lile, na sisi tukauacha hapohapo. Halafu mwezi wa tisa huu, mvua za kwanza zilipokwisha kupiga siku tatu mfululizo, mama akaniita asubuhi kabla sijavaa viatu.

"Mwalimu! Kuya uone. Tungurusumu ya baba yako imerudi."

Tungurusumu ndilo jina la kitunguu saumu kwa Kinyarwanda, na hapa Kamembe hata sisi Waislamu wa Kiswahili tunalitumia. Neno ni letu, lilikwenda kwa Wanyarwanda likakaa huko, likaturudia limebadilika sura. Kila nikimsikia mama akilisema nilikuwa nikimwambia, "Saumu, mama," naye alikuwa akinijibu, "Ndiyo, tungurusumu."

Nilitoka nikaangalia. Kwenye tuta la baba kulikuwa na majani membamba, ya kijani kilichokolea, yamesimama vichakavichaka. Katikati yake yalichomoza maua madogo ya manjano, kila ua kwenye bua lake peke yake, kila moja na petali sita. Nilichimba moja kwa kidole. Chini yake kulikuwa na kitunguu kidogo kinacholingana na ncha ya kidole gumba, ganda la kahawia, ndani cheupe. Nilikiponda nikakinusa. Hakikuwa na harufu yoyote, ila ya udongo na majani mabichi. Nilimpa mama anuse naye, lakini pua ya mama haijapona tangu ile korona, hasikii harufu ya kitu hata maziwa yakiungua.

Nakiri kwamba nilishangaa. Sijawahi kuona kitunguu saumu chenye ua la manjano, na kisichonuka ndiyo kabisa. Kwa hiyo nilifanya jambo la busara, la mwisho la busara katika mkasa huu: nilikwenda kuuliza.

Jirani yetu wa upande wa ua ni mama mmoja Mnyarwanda aliyezaliwa na kukulia Bukavu, akarudi huku na watoto wake. Ni Mkristo, anashona nguo barazani kwake, na katika miaka yote aliyokaa pale hajawahi kugombana na mtu. Nilimnyooshea kile kitunguu juu ya ua wa miti ya miyenzi, pamoja na ua lake.

"Maman, bonjour. Hii unaijua?"

Aliacha kukanyaga cherehani. Aliangalia, akakunja uso.

"Papa Mwalimu, iyo? Iyo iko kitunguru sumu."

Nikacheka. Sikucheka kwa ubaya, nilicheka kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani, maana kosa hilo nimelisahihisha tangu siku ya kwanza nilipoingia darasani. Nusu ya wilaya hii husema kitunguu sumu wakitaka kusema kitunguu saumu.

"Saumu, maman," nilimwambia. "Si sumu. Sa-u-mu. Sumu ni kitu kingine kabisa. Sumu inaua."

"Njo ile nasema," akajibu, kwa "ndiyo" yao ya Bukavu.

"Unasema sumu. Sema saumu."

Aliinua mabega. "Sawa. Wewe njo mwenye kusoma." Akarudi kwenye cherehani yake.

Nilirudi kwa mama nikiwa na jibu. Nilimwambia jirani anaijua, ni kitunguu saumu, aina ya porini, ndiyo maana hakina harufu kali. Hilo la porini nililiongeza mwenyewe kwa sababu lilipendeza. Sikusema labda. Sikusema tungoje tuulize na mwingine. Mama alifurahi, akasema mzee wake hajamsahau, akafunika vile vichaka kwa majani makavu visiungue na jua.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumanne asubuhi, mimi nikiwa nimekwenda shuleni, mama aling'oa vitunguu vitatu, akavitwanga, akachanganya na asali na ndimu kama alivyokuwa akifanya baba alipokuwa hai, akanywa kabla ya chai.

Nilikuwa ubaoni kipindi cha pili simu ilipotikisika mfukoni. Alikuwa jirani. "Papa Mwalimu, kuya mbio. Maman anatapika, hana nguvu. Anaanguka." Nilitoka darasani na chaki mkononi. Nilipanda pikipiki, na sikumbuki njia. Nakumbuka tu kwamba nilimkuta mama amelala barazani kwa jirani, kichwa kwenye mapaja ya yule mama, mdomo umekauka, macho yamerudi nyuma.

Hospitalini tulipokelewa na daktari kijana. Aliniuliza kwa Kinyarwanda mama amekula nini. Nikamjibu tungurusumu. Akasema tungurusumu haimfanyi mtu hivi, mapigo ya moyo yanakwenda polepole mno na presha imeshuka. Aliniambia nilete mmea wenyewe, na ikiwezekana nipate jina lake, ili wajue wanapambana na kitu gani.

Nilikwenda nyumbani nikachimba kwa mikono. Nilitia vitunguu vinne, majani na maua katika mfuko wa karatasi, nikatoka kutafuta jina.

Nilianza shuleni, kwa mwenzangu anayefundisha biolojia. Alihesabu petali kwa makini, akapasua kitunguu kwa wembe, akaniambia kwa Kifaransa kwamba mmea huu ni wa kundi la mbegu zenye jani moja. Nikamuuliza jina. Akasema kundi hilo lina mahindi, migomba na mpunga pia. Nilimshukuru. Nilitaka kumpiga.

Nikaenda sokoni kwa mama mmoja anayeuza dawa za miti. Alinusa, akaonja ncha ya jani kabla sijamzuia, akatema, akaniambia inasaidia nguvu za kiume, na akaniuliza kama ninacho kingine nimuuzie.

Nikampigia agronomu, bwana shamba wetu, ambaye namba yake ninayo kwa sababu mtoto wake nilimfundisha. Nilisikia maji na watu wakiitana nyuma yake. "Mwalimu, niko Bugarama, niko mu muchele mupaka magoti," alisema. "Mimi bintu ya maua siijuwe sana. Tuma foto, nitaulizia." Nikatuma. Nikaitia picha hiyohiyo katika ile programu ya simu inayotambua mimea, nikasimama kando ya barabara nikingoja duara limalize kuzunguka. Ilinipa majina matatu ya Kilatini. La kwanza lilikuwa la mmea unaoliwa. La pili lilikuwa la mmea unaodhuru mifugo. La tatu lilikuwa la ua la mapambo kutoka nchi za mbali. Chini yake iliandika kwamba haina hakika.

Nilisimama pale na mfuko wangu wa karatasi, mikono imejaa udongo, suruali ya kazini imechafuka magotini, na watu wakinisalimia "Mwalimu, habari ya kazi." Nililia. Nimefundisha watu maneno maisha yangu yote, na siku niliyohitaji neno moja tu sikuwa nalo, wala sikujua nani analo.

Ndipo nikamkumbuka jirani. Niliona haya kurudi kwake mikono mitupu, lakini nilirudi. Alikuwa anafua kanga ya mama, ile aliyoitapikia.

"Maman," nilimwambia, na nilijisikia nikisema kama wao, bila kujali, "ile kitunguru ya juzi, jina yake ni nini? Niambie yote."

"Nilikuambia."

"Uliniambia saumu."

Akainua kichwa. "Wewe njo ulisema saumu. Mimi nilisema sumu. Sumu ya kuua. Kule Bukavu mama yetu alikuwa anatukatazaka hata kuigusa. Mbuzi ya jirani ilikulaka, ikakufa siku ile ile."

"Kwa Kimashi inaitwa nini? Kwa Kifaransa?"

"Sijuwe, Papa Mwalimu. Sisi tulikuwa tunaita tu ivyo. Kitunguru sumu."

Nilikaa chini kwenye ukingo wa karo. Jina nililokuwa nalitafuta mji mzima nilipewa siku mbili nyuma, bure, juu ya ua, na nililisahihisha. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, hiyo methali nimewaandikisha watoto mara ngapi? Na mimi sikujikwaa hata ulimi wangu. Niliukwaza wa mwenzangu.

Nilirudi hospitalini nikamwambia daktari ni kitunguu chenye sumu, kimewahi kuua mbuzi, na jina lingine sina. Aliandika kitu. Kisha akaniambia, kwa upole, kwamba kwa sasa jina lisingebadilisha mengi: wamemtundikia maji, wanauangalia moyo, na sote tungoje. Basi nikangoja. Nilikaa kwenye benchi usiku na mchana, nikimwomba Mungu kwa Kiarabu nisichokijua vizuri, nikiogopa nacho nisije nikakosea neno.

Siku ya pili mama alifungua macho akaomba maji. Siku ya tatu alikaa. Siku hiyohiyo dada akafika kutoka Kigali, amevimba macho kwa kulia njia nzima ya msituni, akamkumbatia mama mpaka nesi akamwambia aangalie mpira wa maji.

Daktari aliingia tukiwa wote watatu. Alisimama miguuni mwa kitanda akamuuliza mama swali moja, polepole, kwa Kinyarwanda chepesi: nani alimwambia kwamba kitu kile kinaliwa?

Kwa mgeni hilo ni swali la daktari. Kwa mtu wa huku ni zaidi. Huku neno sumu halisemwi ovyo. Tuna karuho, ile sumu ya kutegeana inayotajwa kwa kunong'ona pande zote mbili za mto, na mtu akitapika ghafla watu hawaulizi amekula nini. Wanauliza amekula kwa nani. Niliona dada anageuza shingo. Nilifungua mdomo.

Mama alinitangulia.

"Hakuna muntu," alisema. "Niliona majani, nikafikiri iko tungurusumu ya mzee wangu. Nilifikiri ameipanda juzi." Akavuta shuka kifuani. "Nilisahau kama alishakufa."

Mama yangu, anayekwenda kaburini kila Ijumaa. Mama ambaye jirani akija kuomba chumvi hawezi kusema imekwisha kama haijaisha. Daktari alishusha pumzi, uso wake ukalainika, akaandika. Dada alifunika mdomo kwa mtandio. Na mimi, ambaye hakuna neno linalonipita bila kuligusa, niliufunga mdomo wangu. Nafasi ilikuwepo, nikaiacha ipite. Sina namna ya kuipamba.

Nilimwambia dada nje, koridoni, dakika kumi baadaye. Nilimweleza yote, kuanzia ua mpaka ua, sumu na saumu. Alinisikiliza akitikisa kichwa.

"Usimfunike Maman," alisema. "Najua unataka abaki. Lakini wewe, mwalimu muzima, ushindwe kujua tungurusumu? Haina harufu, ina maua ya jaune, na wewe useme ni tungurusumu? Batoto watakucheka."

"Nilisema. Wallahi nilisema."

"Amesahau Papa alikufa, mdogo wangu. Umesikia kwa masikio yako."

Basi nikamchukua mpaka kwa jirani, nimwonyeshe shahidi. Nilimwambia yule mama, mbele ya dada yangu, arudie tu tuliyoyasema pale uani. Aliweka mkasi chini. Alimwangalia dada, kitambaa chake cha kichwa cha Kigali, simu yake mkononi, kisha akaniangalia mimi.

"Mimi? Mimi sikusema kitu," alisema. "Ile maua siijuwe."

Nilimpigia kelele. Nilimwita mwongo barazani kwake mwenyewe, wateja wake wakisikia, mtu aliyembeba mama yangu mapajani na kumfulia kanga. Baadaye nilielewa nilichokuwa namwomba: mgeni aliyehamia, asimame mbele ya watu wa mgonjwa aseme kwamba sumu ile anaijua, anajua jina lake na anajua inavyoua. Ningekuwa yeye ningekana pia. Sijamwomba msamaha mpaka leo, kwa sababu kila nikipita anaingia ndani.

Mama alipotolewa hospitalini, dada alikuwa ameshaamua. Alimpigia simu mumewe alete gari. Alisema hana ubaya na mtu, lakini mama anayekula kitu cha porini akidhani marehemu amekipanda hawezi kuachwa na mwanamume anayeshinda kazini. Kwa maneno aliyokuwa nayo, alikuwa na haki. Pia alimwaga maji ya moto kwenye tuta lote, akang'oa kila kitu, akachoma. Nilipotoka kumzuia nilikuta majivu, kwa hiyo hata mmea wa kumwonyesha mtu sikubaki nao.

Siku ya mwisho, dada akiwa amekwenda kuaga majirani wa zamani, niliingia kwa mama. Alikuwa anakunja nguo zake mwenyewe, sawasawa, pembe juu ya pembe.

"Mama, kwa nini?"

Hakujifanya hajaelewa. "Kiwanja kiko kwa jina langu," alisema, bila kuacha kukunja. "Mu nyumba tuko wawili, mimi na wewe. Wewe njo ulinipa jina ya ile kitu. Unafikiri batasema nini mu mji? Yule dokta alikuwa anauliza kama polisi."

"Waseme. Nitaeleza."

"Utaeleza nini? Saumu na sumu?" Aliniangalia kwa huruma, kama alivyokuwa akiniangalia nikianguka nikiwa mdogo. "Mwanangu, batu hawasikilizake maelezo. Banasikilizaka neno moja tu. Bora baseme mama amezeeka kichwa, kuliko baseme mwana amelisha mama yake sumu juu ya kiwanja. Mimi nimebakiza siku ngapi? Wewe bado utapita mu njia hizi kila siku."

Nilipiga magoti nikamshika miguu. Nilimwambia hawezi kuuza nyumba yake na kaburi la mume wake kwa ajili ya kosa langu la matamshi. Alisema halikuwa kosa la matamshi, lilikuwa kosa la masikio, na kwamba hayo mawili mimi nimeyachanganya tangu utotoni. Kisha akanipangusa uso kwa ncha ya nguo aliyokuwa anaikunja, akaikunja upya.

Jioni hiyo agronomu alinitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa amemuuliza mtu, na mtu huyo amemuuliza mtu. "Mwalimu, ile ni fleur tu, ya mapambo. Bazungu ba zamani walikuwa wanapanda mbele ya nyumba. Inatokaka mvua ikianza, njo banaita lis ya mvua. Lakini kitunguru yake haikuliwe, ni mubaya. Maman anaendelea aje?" Nikampa dada simu ausikilize. Akasema asante, amesikia, kumbe ni ua la kawaida tu, kila mtu anajua ua haliliwi. Nikazima simu.

Gari lilikuja asubuhi yake, Alhamisi. Nilikuwa nimempelekea mama chai mapema, akairudisha. "Leo Alhamisi, Mwalimu, si unajua," aliniambia. "Nimefunga." Hajawahi kuacha kufunga Alhamisi tangu nipate akili. Nilimwambia msafiri hana lazima, na aliyetoka hospitalini hana kabisa. Akasema anajua, lakini ametaka.

Nilikaa jikoni na kikombe kile, na nikaona nimepata. Mtu aliyepotewa na kichwa hajui siku. Nilitoka nikasimama mlangoni, mikono nimeiweka kwenye miimo yote miwili, mume wa dada akiwa anapakia mizigo.

"Hatoki," nilisema, "mpaka umuulize. Muulize kitu chochote. Muulize leo ni siku gani. Akikosea, mchukue, sitasema neno tena."

Dada hakukasirika. Alionekana amechoka, na nadhani moyoni alitaka niwe nasema kweli, lakini nilimwona pia akianza kuwaza: kama kichwa cha mama ni kizima, basi nani? Aliniangalia kwa jicho jipya. Kisha akachutama mbele ya kiti cha mama akamshika mikono.

"Maman. Leo ni siku gani?"

Mama aliniangalia mimi kwanza. Aliniangalia kwa muda mrefu, kwa macho yake yote mawili, safi.

"Leo?" alisema. "Leo si Jumanne?"

"Anadanganya!" nilipiga kelele. "Amefunga! Aliniambia mwenyewe asubuhi hii amefunga kwa sababu ni Alhamisi!"

Dada alisimama. Alikwenda mezani, akamimina maji kwenye bilauri, akarudi nayo.

"Maman, umefunga leo?"

"Kufunga siku ya Jumanne?" mama akasema.

Akapokea bilauri kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akanywa maji yote.